Lenzi ya Kaka na Macho ya Mama

Shimosuwa, Nagano
6 Machi 2026

Mpendwa Mama mdogo Fusae,

Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta umekaa kitini, si juu ya ngazi unachuma matunda, maana binti yako Emi aliniambia kwenye simu kwamba hata daktari amekushindwa. Goti linaendeleaje? Na joto la huko Brazili, hapo Mogi, limepungua? Huku kwetu theluji bado imeng'ang'ania upande wa kaskazini wa paa, lakini ziwa mwaka huu lilitudanganya tu. Lilishika barafu nyembamba siku tatu, likayeyuka. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo. Kaka Kunihiro hali vizuri wala halali vizuri, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu badala ya simu.

Asante kwa kahawa uliyotutumia. Tuliiweka madhabahuni mbele ya marehemu mama siku saba kabla hatujaifungua, ingawa mama mwenyewe, unamjua dada yako, alikuwa akisema kahawa yenu inafaa kuulia panya. Ninaponusa harufu yake asubuhi nasikia kama atatokea mlangoni kulalamika. Nimemkosa sana, mama mdogo. Nilidhani mtu wa miaka sitini na moja hawezi kulia kwa kukuta sega kwenye droo, kumbe anaweza.

Siku arobaini na tisa tangu mama atutoke, siku ya ibada yake kubwa, zinatimia Jumatano tarehe kumi na moja. Mtawa wa hekalu atakuja saa nne. Nimeagiza maua, na mboga zilizochachushwa zipo mapipa mawili mazima, maana mama aliziweka mwenyewe mwezi wa Novemba kana kwamba angezila yeye.

Uliniomba picha yake ya mazishi, ile ya uso tuliyoiweka mbele ya jeneza, uiweke kwenye madhabahu yako. Nimeitia humu. Utaona kwamba anatazama pembeni, na kwamba chini kulia kuna kitu cha bluu. Hilo ni bega la Bi Takei wa jirani. Picha ilikatwa kwenye picha ya safari ya basi, yeye na majirani walipokwenda kuoga kwenye chemchemi za maji moto miaka sita iliyopita. Najua utajiuliza. Mwanamke ambaye mwanawe alitengeneza lenzi za kamera miaka arobaini na moja, anasindikizwaje na picha ya safari ya basi? Mji mzima ulijiuliza hivyo. Walikuwa na adabu ya kutouliza kwa sauti.

Unakumbuka kaka alivyoingia kiwanda cha Mzee Hirabayashi akiwa na miaka kumi na tisa. Wewe ulikuwa umeshahamia Brazili, lakini mama alikuandikia. Kiwanda kilikuwa kidogo, watu thelathini na wawili, na hakikuwahi kutengeneza kamera hata moja. Kilitengeneza lenzi za kuingia kwenye kamera za watu wengine. Kampuni za kamera zina lenzi zao wenyewe, na siri ya jinsi kamera inavyozungumza na lenzi zinaificha. Basi kila kamera mpya ilipotoka, Mzee Hirabayashi alikwenda dukani siku ya kwanza, akapanga foleni na wateja wengine, akainunua. Mafundi wake walikaa nayo miezi wakiisikiliza inavyoiamuru lenzi yake, mpaka na yetu ikajua kuitika.

Kaka alikuwa akisema lenzi yao ni bibi harusi anayeolewa kwenye nyumba yenye mama mkwe mkali. Hakuna atakayemwambia chumvi inawekwa wapi. Atazame, ajifunze, na asikosee mbele ya wageni. Na siku mama mkwe akiamua kubadilisha mpangilio wa jikoni, yaani kampuni ikibadilisha programu ya kamera, bibi harusi anaanza upya. Siku hizo simu za kiwandani zililia asubuhi hadi jioni. Lenzi zilikwama, au zilipitiliza, au kamera ilikataa kabisa kuzitambua. Mafundi walizifundisha tena, na baada ya wiki chache wateja walikuwa wametulia.

Mume wa Bi Takei, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya kamera, alimtania kaka, akimwita kwa kifupi cha jina lake, kila walipokutana kuchota theluji. "Kuni! Bado mnachungulia dirisha la watu?"

"Tunachungulia kwa sababu mnapika vibaya," kaka alimjibu. "Wenye nyumba wenyewe wanakuja kula kwetu."

Kazi ya kaka ilikuwa ya mwisho mezani. Yeye ndiye aliyefunga pete ya chuma inayoshika kamera, akaipima lenzi, akaipitisha. Kwa miaka arobaini na moja hakuna lenzi iliyotoka bila kupita kwenye vidole vyake. Mzee alipofariki, watoto wake hawakutaka kiwanda, kikafungwa, sasa ni mwaka wa pili. Siku ya kufunga walimpa kaka lenzi ya mwisho iliyotoka mezani kwake, ya kupigia picha za uso. Aliileta nyumbani ndani ya kitambaa, akaiweka karibu na picha ya baba. Mama alimwambia, "Haya, sasa nina mjukuu wa kioo."

Mwezi wa Oktoba mama akatuita wote. Akasema anataka kupigwa picha yake ya mazishi kabla meno yaliyobaki hayajamuaga. Alisema kama mtu anayeagiza samaki. Kanae, binti wa kaka, akaja kutoka Nagoya siku ya Ijumaa na kamera yake mpya. Jumamosi kaka aliivalisha ile lenzi yake, akampiga picha paka wetu kwenye kibaraza. Akatuita tutazame kwenye skrini. Ungeweza kuhesabu ndevu za yule paka. Kaka alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu mkewe afariki.

Jumapili mama alirudi kutoka kwa msusi, akavaa kimono cha kijivu, akakaa kibarazani. Kanae alikuwa na lenzi ya kampuni yenyewe ya kamera mfukoni. Akasema taratibu, "Baba, tupige mbili tatu na hii pia. Kwa tahadhari tu."

Kaka akageuka mwekundu. "Tahadhari ya nini? Mama yangu nimpige na lenzi ya Takei?"

"Baba, hakuna aliyesema..."

"Kanae," mama akaingilia, "nipigeni na ya mwanangu. Nikiwa sijatoka vizuri basi ni sura yangu." Akacheka, na kaka akampiga katikati ya kicheko hicho. Picha sitini na mbili kwa jumla. Kwenye skrini ndogo zote zilikuwa nzuri. Tukala wali wa uyoga, tukafurahi.

Mama alitutoka tarehe ishirini na mbili Januari, kwa homa ya mapafu, ndani ya siku nne. Hayo Emi alikueleza. Asichokueleza ni kwamba bwana wa nyumba ya mazishi alitupigia simu siku iliyofuata, akatuomba twende. Alikuwa ameikuza picha. Akatuwekea mezani, akainamisha kichwa. "Samahani sana. Sikio limetoka vizuri mno."

Sikio, mama mdogo. Unaona kila unywele nyuma ya sikio. Unaona uzi wa kola ya kimono. Lakini macho yamefunikwa na ukungu, kama ya mtu aliyetazamwa kupitia mvuke wa sufuria. Zote sitini na mbili zilikuwa hivyo. Lenzi ilipitiliza kidogo, kiasi cha upana wa kidole, ikasimama nyuma ya macho. Yule bwana akasema anaweza kuyatengeneza macho kwa kompyuta. Kaka akasema, "Macho ya mama yangu hayachorwi na mtu ambaye hakumwona." Halafu akatoka nje akasimama kwenye theluji bila viatu. Mimi ndiye niliyerudi nyumbani kutafuta ile picha ya basi.

Tangu siku hiyo kaka ameamini kwamba ameharibu picha ya mwisho ya mama kwa mikono yake. Hazungumzi jambo jingine, na hilo lenyewe halizungumzi sana. Ametandika magazeti kwenye meza ya chumba cha nyuma, ameifungua lenzi, anatafuta kosa lake. Anapima pete, anaifunga, anaipima tena. Nilimwuliza amepata nini. "Sijapata," akasema. "Maana yake hata macho yangu hayaoni tena ninachokosea."

Mwezi uliopita alivaa suti ya mazishi, akanunua boksi la vitamu, akatoka bila kuaga. Baadaye mjane wa Mzee Hirabayashi akanipigia simu.

"Sumie, kaka yako ana nini? Amekuja kupiga magoti sakafuni kwangu. Ananiomba radhi kwa lenzi za miaka mitano ya mwisho. Anasema huenda zote alizipitisha mbovu."

"Ulimwambiaje, mama?"

"Nikamwambia, Kuni, hakuna aliyelalamika. Akanijibu, watu wenye adabu hawalalamiki. Nimelia mimi badala yake."

Na sasa amekataa kuingia chumba cha madhabahu. Tangu mazishi hajamwashia mama udi hata mara moja. Mtawa alipokuja kupanga ibada ya Jumatano, akauliza kaka atakaa wapi, maana yeye ndiye mtoto mkubwa na ndiye wa kukaa mbele. Kaka akamjibu kwa heshima kwamba hatakuwepo. Mtoto mkubwa, mama mdogo. Nani amewahi kusikia hivyo kwenye ukoo wetu wa Oguchi?

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mstari wa kwanza.

Tarehe kumi na nne Februari Kanae alipiga simu. Kaka hakutaka kuzungumza naye, nikapokea mimi. Akaniambia, "Shangazi, nimegundua kitu. Kamera yangu ina programu mpya. Imeandikwa iliwekwa siku ileile tuliyompiga bibi picha, asubuhi. Na watu wengi wenye lenzi za kina baba wanalalamika kitu kilekile, zinapitiliza. Kampuni inasema haihusiki na lenzi za watu wengine. Kiwanda kimefungwa, kwa hiyo hakuna wa kuzirekebisha. Lakini sikuiweka mimi, shangazi. Labda iliingia yenyewe?"

Nikasema, "Labda."

Haikuingia yenyewe. Jumapili ile asubuhi Kanae alikuwa ndani anamfunga bibi yake mkanda wa kimono. Kamera ilikuwa kwenye meza ya jikoni, imeunganishwa na simu yake. Simu ikalia, ikaandika kwamba kuna programu mpya ya kamera, iwekwe sasa? Nikaita, "Kanae, simu yako inauliza kitu." Akajibu, "Subiri shangazi, mikono imeshika mkanda!" Sikusubiri. Nilikuwa naosha uyoga, mlio ulinikera, nikafuta kidole kwenye aproni nikabonyeza ndiyo. Mimi ndiye mtu wa kubonyeza ndiyo ili kelele zikome, siku zote ndivyo nilivyo. Taa ya kamera ikapepesa, ikazimika, ikawaka. Walipotoka chumbani kazi ilikuwa imekwisha. Sikumwambia mtu kwa sababu sikuona la kusema. Nani anatangaza kwamba amezima birika?

Kwa hiyo lenzi iliyompiga paka Jumamosi ilikuwa nzima, na mikono ya kaka ilikuwa mizima. Mpangilio wa jikoni kwa mama mkwe ulibadilishwa asubuhi ileile kabla ya wageni kufika, na aliyebadilisha ni mimi.

Nilimwahidi Kanae kwamba nitamwambia baba yake habari za programu. Zimepita wiki tatu. Kila asubuhi nampelekea chai chumba cha nyuma nikiwa na maneno mdomoni, na kila asubuhi narudi nayo. Naogopa. Alimpigia mjane wa watu magoti kwa kosa langu, nitaanzia wapi? Mara nyingine najiambia heri nimsingizie simu, niseme iliingia yenyewe, itoshe. Lakini ataniuliza, na uongo wangu huonekana shingoni, mama alikuwa akinishika kila mara.

Nilitaka kukuomba ushauri, lakini barua itafika Brazili Jumatano imeshapita. Labda nakuandikia wewe ili nisikie ninavyosema. Nitamwambia kabla ya Jumatano. Leo nimeshindwa tena.

9 Machi

Mama mdogo, bahasha sikuifunga. Naendelea.

Nimemwambia leo asubuhi. Niliweka chai, nikapiga magoti pembeni ya meza yake, nikasema yote mfululizo bila kupumzika: simu, uyoga, kidole, habari za Kanae, watu wengine wenye lenzi zinazopitiliza. Vipande vya lenzi vilikuwa vimepangwa kwa safu kwenye gazeti, skrubu kwenye kifuniko cha chupa.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa ngapi nini, kaka?"

"Ulibonyeza saa ngapi."

"Saa tatu na nusu."

Akatazama ukuta. "Tulianza kupiga saa nne."

"Ndiyo."

"Na paka nilimpiga Jumamosi."

"Ndiyo, kaka. Mikono yako haina kosa. Haikuwa na kosa hata siku moja."

Nilifikiri atafurahi, mjinga mimi. Au atanifokea, na hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Akanyanyua kitambaa kidogo kilichokuwa kwenye kona ya meza. Chini yake kulikuwa na kioo cha mbele cha lenzi, kimepasuka kutoka ukingo hadi ukingo.

Alinieleza taratibu, kama anavyomweleza mwanafunzi wa kazi. Vioo viwili vya mbele vimegandishwa kwa gundi, na kwenye lenzi hii ya mwisho gundi aliipaka yeye mwenyewe. Alikuwa ameshapima kila kitu kingine na kukuta kizima. Basi kilichobaki cha kushuku ni gundi. Jana Jumapili mchana, wakati mimi nimekwenda kwa muuza maua, alivipasha moto ili avitenganishe. Kikapasuka. Kioo kingine cha aina hiyo hakipo, na mashine ya kukisugua iliuzwa kama chuma chakavu.

"Ungeniambia jana, Sumie," akasema.

Basi. Sauti hakuipandisha. Niliweka paji la uso kwenye mkeka, nikalia mpaka mkeka ukalowa. Ningekuwa na wiki moja ya ushujaa badala ya tatu za woga, lenzi ile ingekuwa nzima hadi sasa. Ingebaki na kamera ya zamani mahali fulani ya kuitumia, ingebaki hata ya kutazama tu. Nilimwua mama kwenye picha kwa kutosubiri, kisha nikaua lenzi kwa kusubiri.

"Inuka," akasema. "Chai inapoa." Lakini hakuinywa.

Nilirudi jikoni nikamenya figili ambazo hakuna aliyezihitaji. Ilipokaribia saa sita nikasikia mlango wa chumba cha madhabahu ukisukumwa. Nilidhani ni paka. Halafu nikasikia kiberiti, na kengele ndogo ikagongwa mara moja, na udi ukaanza kunukia hadi jikoni. Sikwenda. Nilisimama na kisu mkononi, nikazima bomba la maji nisikie.

Alikuwa kaka. Kisha akamwambia mama, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kazini, "Mama, lenzi ilikuwa nzima."

Akairudia mara ya pili. Jina langu hakulitaja.

Jumatano atakaa mbele, mama mdogo. Ameniambia nimtolee suti. Kama amenisamehe sijui, na siwezi kumuuliza. Mimi nitakaa nyuma yake, na macho ya mama yatakuwa yanatazama pembeni, kwenye bega la Bi Takei.

Nisalimie Emi na mumewe, na mtoto wao Marcos, na yule mdogo wake ambaye bado hatujaonana. Kanae anakusalimu sana, na kaka pia, ingawa hajui kwamba nakuandikia haya. Mwenye huruma akupe miguu ya kutembea na usingizi usio na deni la maneno. Ukiwasha udi mbele ya picha hii, utuwashie na sisi wawili.

Mimi mwanao ninayekupenda, niliyechelewa kusema,

Sumie